Mkalimani wa Bajaji ya Kinyala

Mimi sipendi kuongea na watu nisiowajua safarini. Nikishakaa, nataka niachwe na mawazo yangu. Siku ile pale Kiwira mvua haikuwa na utani, nikajibana katikati ya kiti cha nyuma cha bajaji ya kwenda Kinyala. Kushoto kwangu alikaa dada mmoja aliyetoka kujifungua kule hospitali ya Igogwe. Mumewe alikuwa ametangulia na bodaboda kwenda kuwasha moto nyumbani. Kichanga kilifunikwa mablanketi mpaka unajiuliza kama kimo. Kulia ilibaki nafasi moja.

Akaja mzee na mwavuli wake. Alipoinama tu aingie, yule dada akajifunika khanga gubigubi na kujificha nyuma ya bega langu.

"Kaka, huyo ni baba mkwe," akaninong'oneza. "Usihame hapo."

Kwetu mwanamke na baba mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani. Mwacha mila ni mtumwa, ni kweli, lakini bajaji ilikuwa hiyo moja. Mzee naye alishatambua. Akaingia kinyumenyume, akaketi, akaufungua mwavuli humo humo ndani, kati yake na sisi. Maji yote yakanimwagikia sikioni. Nilikasirika kwelikweli, ila sikulelewa kugombana na wazee.

Tukaondoka.

"Kijana," mzee akauambia mwavuli, "mwulize huyo mwenzio, mtoto anapumua?"

Dada alisikia vizuri sana, ila akasubiri nimfikishie. Nikamgeukia. "Anauliza, mtoto anapumua?"

"Mwambie anapumua."

"Anapumua, baba."

"Ndaga fijo, asante sana. Mwulize, ananyonya?"

Ananyonya. Anakojoa? Anakojoa. Dereva, mgeni wa huku, uvumilivu ukamwishia. "Jamani, si mnasikiana? Ongeeni wenyewe!"

Mama aliyebanana naye kiti cha mbele, na ndoo yake ya parachichi, akamtandika kofi la bega. "Wewe endesha."

Nilikuwa nacheka moyoni. Ndipo dada akaninong'oneza kwamba watoto wake wawili wa kwanza hawakufika nyumbani wakiwa hai. Mzee aliwachimbia makaburi, sura zao hakuwahi kuziona.

"Huyu nataka amwone anapumua," akasema, akanisukumia mablanketi. "Mpe sasa hivi."

Nikampitisha mtoto chini ya mwavuli. Mzee alihitaji mikono yote miwili, kwa hiyo mwavuli ikabidi niushike mimi, nikiwa nimeketi hapo kama mwenye duka la miavuli. Upande wa pili nikasikia mablanketi yakifunuliwa.

"Mwambie," mzee akasema. Akakohoa. "Mwambie..."

Tukapita mashimo mawili.

"Nimwambie nini, baba?"

Alikuwa analia, na mimi nikaona aibu kwa kile kicheko changu. Nikamgeukia dada, sina hata neno moja la kumfikishia.

"Mwambie nimesikia," dada akasema.