Maji ya Bibi, Maji ya Mama

Sisi tuliokulia Misima, kule Handeni, tunazikumbuka enzi zile maji ya kunywa yalipokuwa na rangi. Wakati wa masika maji ya lambo yalifanana na chai ya maziwa. Kiangazi, lambo likishabaki kidimbwi, yaligeuka kijani na kunuka ng'ombe, maana tuliyachangia na mifugo ya Wamaasai. Watoto hatukujali. Tulikwenda na madumu yetu ya njano, tukayapiga kama ngoma njia nzima, na tukifika tulikunywa kwa viganja palepale. Vijana wa leo wakiona kijidudu kwenye glasi wanakipiga picha kwanza.

Kazi ilikuwa nyumbani. Bibi, mama yake baba, alimenya mbegu za mlonge, akazitwanga kwenye kinu kidogo, akaukoroga unga wake ndani ya ndoo taratibu huku akijisemea Kizigua. Tulichuchumaa kutazama tope likijikusanya mabonge mabonge na kuzama. Juu yalibaki maji meupe, unaona mpaka kitako cha ndoo. Aliyamimina kwenye mtungi wake, na hapo kwake shughuli ilikuwa imekwisha.

Mama alikuwa ameolewa kutoka Korogwe mjini, walikozoea bomba, na kwao maji yalichemshwa. Bibi hakutaka kusikia.

"Maji ya kuchemsha yananuka moshi," alisema. "Na hizo kuni ataleta nani?"

"Sawa, mama," mama alijibu, macho chini, kisha akaenda kuchochea moto.

Basi tukawa na maji ya aina mbili katika nyumba moja. Ukinywa ya Bibi, Mama ananuna. Ukinywa ya Mama, Bibi anakuuliza kama mtungi wake una ugonjwa. Baba akaona awapatanishe. Akarudi kutoka mjini na dawa ya maji aliyouziwa na Mhindi wa duka la nguo, akaimwaga bila kupima. Maji yakanuka kama shuka lililotoka kufuliwa. Bibi alionja, akatema, akamtazama baba.

"Mwanangu, unataka kutunywesha au kutufua?"

Tulicheka mpaka baba naye akacheka, na ile dawa ikaishia kuoshea vyombo.

Kisha mdogo wetu Zuhura akaugua. Alikuwa kipenzi cha Bibi, analala naye kitanda kimoja. Aliharisha na kutapika, na asubuhi moja akashindwa kusimama. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka. Mama alimfunga mgongoni, baba akampakia mama kwenye baiskeli, wakaenda zahanati. Mimi na Bibi tuliwafuata kwa miguu. Bibi, ambaye hakutoka nje ya kijiji bila kubadili kanga, siku ile alikwenda na ya shambani.

Tulipoingia, nesi alikuwa akiuliza mtoto anakunywa maji gani. Sote tulijua Zuhura hanywi ila ya mtungi wa Bibi. Mama angeweza kusema, na nilimwangalia nikidhani atasema.

"Tunakunywa maji ya lambo, nesi," alisema. "Sote."

Bibi akasogea mbele. "Mimi ndiye ninayemnywesha. Natoa tope kwa mlonge."

"Mlonge unatoa tope vizuri, bibi," nesi akamwambia. "Lakini maji meupe bado yana wadudu usiowaona. Yakishatulia, yachuje, halafu yachemke."

"Kwa hiyo nimemuumiza mjukuu wangu?"

"Ulianza vizuri, bibi. Hukumaliza."

Zuhura alinyweshwa maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, Bibi akimshikia kichwa. Alasiri akafumbua macho vizuri na kuomba uji. Bibi akajifunika uso kwa ile kanga ya shambani, akalia.

Kesho yake alirudi kutoka shamba na mzigo wa kuni kichwani. Aliutua mlangoni mwa jiko la mama.

"Kuni zako hizo," alisema.

"Ahsante, mama. Karibu ndani."

Akaingia. Tangu siku ile Bibi alituliza maji kwa mlonge, mama akayachuja kwa kitambaa safi na kuyachemsha, yakipoa yanaingia mtungini. Walimenya mbegu pamoja, Bibi akimfundisha mama Kizigua na kuyacheka matamshi yake.

Leo naishi Korogwe, na nyumba yangu nayo imegawanyika. Mwanangu mkubwa anataka chujio la umeme lenye taa. Binti anataka maji ya dukani, eti ya nyumbani "hayana vaibu". Mume wangu anasema sufuria inatosha. Kila mtu ana chupa yake, anakunywa peke yake, macho kwenye simu. Maji ni safi na ninashukuru. Silitamani lambo, wala simwombei mtoto yeyote macho yale ya Zuhura. Ila jioni za joto huikumbuka kata yetu moja ya kunywea maji, ikitoka kwa Bibi kwenda kwa Mama, kwa Mama kuja kwetu, sote tumekaa mkekani, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote.