Ayowa Nyuma ya Darasa la Saba

Harufu ya mahindi mabichi yanayochomwa hunifanya nivuke barabara. Pale Nyeri mjini akina mama hupanga majiko yao kuanzia saa tisa alasiri, na mtu mwenye pua timamu hawezi kupita bila kumeza mate. Mimi hubana pumzi nikapita upande wa pili. Watoto wangu wananicheka, wanasema hawajawahi kuona mtu wa milimani asiyekula mahindi ya kuchoma. Nimewadanganya kwamba meno yangu ni mabovu, lakini meno yangu ni mazima. Kisa ni mahindi matatu niliyoyala nikiwa na miaka tisa, mwaka ule mvua ilipotukimbia. Mahindi yenyewe yaliota Marekani, na Marekani ilikuwa nyuma ya darasa la saba la shule yetu, kwenye mteremko mmoja upande wa Othaya.

Mwalimu Kariuki, aliyefundisha jiografia, ndiye aliyeileta Marekani kwetu. Yeye mwenyewe hakuwa amefika mbali kuliko Nairobi, lakini alikuwa na kitabu kimoja kilichopoteza jalada, na kutoka kitabu hicho aliwachimbisha wanafunzi wa darasa la saba nchi nzima kwenye uwanja mdogo uliokuwa wa kuchomea takataka. Milima ya magharibi ilikuwa mawe tuliyoyabeba kutoka mtoni. Mto Misisipi ulikuwa mfereji uliotandikwa vipande vya mabati makuukuu. Reli ilikuwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye vijiti kutoka bahari hii hadi bahari ile, na makao ya serikali yalikuwa kopo la rangi lililogeuzwa chini juu, ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kulikanyaga, maana Mwalimu alisema humo mna rais na bunge. Kila mwanafunzi wa darasa la saba alipewa jimbo lake, alilime, alifagie, na ajue kinachotoka huko na kinavyosafirishwa. Dada yangu Nyambura alipewa Ayowa. Kwa kuwa kitabu kilisema Ayowa ni nchi ya mahindi, Mwalimu alimpa mbegu zinazokomaa haraka, akaotesha mabua saba.

Nyambura alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa na kichwa ambacho nyumba yetu haikukitarajia. Alikuwa wa kwanza darasani tangu darasa la nne, na Mwalimu Kariuki alikuwa amemwambia baba waziwazi kwamba msichana huyu akikaa shuleni mpaka mtihani wa Novemba, ataitwa shule ya bweni. Baba, mtu wa kahawa na maneno machache, alijibu tu, "Tutaona." Mama ndiye aliyeshika neno la bweni akalibeba kanisani na sokoni. Mimi nililibeba pia, kwa sababu tulipokwenda kuokota kuni Nyambura alinifundisha njia nzima: mahindi yanatoka Ayowa, yanapakiwa kwenye mashua kubwa za mtoni, yanateremka Misisipi mpaka baharini, yanaingia melini. Nikikosea ananigonga kichwani kwa kijiti. Kila somo lilimalizika kwa maneno ya Mwalimu, naye aliyatamka kwa sauti nzito kama yake: "Nchi si ukubwa. Nchi ni uchukuzi. Nchi ni chakula cha kona hii kufika kona ile."

Kisha mvua za masika hazikuja. Mlima ulibaki wazi kila asubuhi, mweupe kileleni, bila wingu hata la kumdanganya mtu. Mahindi ya shambani yalikauka yakiwa kimo cha goti, tukala maboga, tukala majani ya maboga, tukala viazi vilivyokuwa bado nyuzinyuzi. Waliotuhubiria kwamba akiba haiozi walisahau kutuambia kwamba akiba huliwa ikaisha. Ajabu ni kwamba mahali pa pekee palipokuwa kijani katika mteremko wetu wote palikuwa Ayowa. Nyambura aliamka mapema akashuka mtoni na kopo, akapanda nalo kichwani, akamwagilia mabua yake saba kabla ya kengele. Mwisho wa muhula wa pili yalikuwa yamebeba mahindi tisa manono. Mkaguzi wa shule alikuwa anakuja kuona ramani, na Mwalimu Kariuki alitembea akipiga mluzi.

Siku mbili kabla ya mkaguzi kufika, nilibaki nyuma wenzangu walipotoka. Sikupanga. Nilikwenda tu kuyatazama, kisha mkono wangu ukafanya yake. Wazee husema mwenye njaa hana miiko, na mimi siku ile sikuwa na mwiko hata mmoja. Nilivunja matatu nikayaficha ndani ya sweta, nikakimbia nyumbani. Mama alikuwa hajarudi kutoka kutafuta kibarua cha kupalilia chai. Niliyachoma haraka, nikayala nusu mabichi, ulimi ukaungua, nikafukia magunzi chini ya majivu. Jioni hiyo mama alipika boga moja dogo kwa watu wanane. Alipogawa, sahani yake ilibaki tupu. Baba alipomuuliza alisema, "Mimi nimeshiba. Wape watoto." Nami, na mahindi matatu tumboni, nikala kipande chake pia.

Kesho yake Mwalimu Kariuki alitupanga mstari, shule nzima. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Hii mahindi ilikuwa tisa," alisema. "Sasa iko sita. Nani amekula Ayowa?" Hakuna aliyecheka. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilisikia sauti ya Nyambura ikisema, "Ni mimi, Mwalimu." Nilidhani ameniona na ananiokoa, na namwomba Mungu anisamehe kwa maana nilifurahi. Alichapwa viboko sita, kisha akaambiwa aende nyumbani, asirudi bila mzazi.

Mama alilia kwa aibu. "Mwizi, Nyambura? Mwizi kwangu? Umenivunjia uso kanisani!" Nyambura alimtazama mama kwa muda mrefu, macho makavu. Sikuelewa kutazama huko, ila niliogopa. Baba hakupiga kelele. Alisema, "Kama kazi ya shule ni kuchunga mahindi, basi aende Mwea achunge mchele. Kwa shangazi yake atakula." Mama akaomba, baba akasema ni mpaka mvua ije. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilikuwa na siku mbili nzima za kuuziba ule ufa. Nilihitaji kusema maneno matatu tu. Jumamosi shangazi alikuja akamchukua, na Nyambura akaenda kusimama kwenye maji ya mpunga akigonga makopo na kurusha udongo kuwafukuza ndege, tangu alfajiri mpaka jua linazama.

Jumatano iliyofuata mahindi ya njano ya msaada yalifika. Yalikuwa yameshushwa kutoka kwenye treni pale Kiganjo, yakaletwa kwa lori mpaka kambi ya chifu, kwenye magunia yenye maandishi ya buluu na harufu ya uvundo wa melini. Watu walisema ni chakula cha kuku, wakapanga foleni hata hivyo. Mwalimu Kariuki alisimama pembeni ya lori, akasoma gunia, akasema kwa sauti ndogo, "Hii imetoka Marekani. Labda ni Ayowa." Yalikuwa yamevuka bahari kutufikia. Kutoka Mwea, ambako ni karibu kiasi kwamba wazee wetu walikwenda kwa miguu, hatukuletewa hata kikombe kimoja cha mchele. Sisi ndio tuliopeleka mtoto. Mvua ilikuja Oktoba, na Nyambura hakurudi. Shangazi alisema ndege bado wapo. Novemba mtihani ulifanywa bila yeye, na kabla ya miaka minne kwisha aliolewa hukohuko. Mimi nilipofika darasa la saba, niliandika kuhusu uchukuzi wa Marekani kama alivyonifundisha, nikaitwa shule ya bweni.

Mama alikwenda Mwea kumwona mara nyingi. Alirudi kila mara na mchele na uso uliochoka. "Ananipa chakula," alisema, "lakini haniongeleshi." Alizeeka akijiuliza alikosa nini. Tulipomzika, Nyambura alisimama kaburini kama mgeni, hakutoa chozi.

Mwaka jana niliona siwezi tena. Nilikwenda nikaketi barazani kwake, nikamwambia: yale mahindi nilikula mimi. Nilidhani atasema alijua. Aliacha kupepeta mchele. "Wewe?" alisema. "Mimi nilipata magunzi kwa majivu asubuhi nikiwasha moto. Na jana yake jioni mama alikuwa amekataa boga, ati ameshiba. Nikajua ni yeye. Nikabeba lawama, ili asiaibike. Halafu akaniita mwizi." Kisha akauliza, polepole, "Kwani siku hiyo mama alikuwa amekula nini?" Nikamwambia hakuwa amekula kitu.

Siku hizi ni lami kutoka Othaya mpaka karibu na mlango wake. Nikiondoka baada ya chai ya asubuhi ninafika kabla ya saa sita, na malori ya mchele yananipita yakielekea kwetu kila siku. Mwalimu Kariuki angefurahi, nchi yake imepatikana. Nyuma ya darasa la saba wamejenga tangi la maji. Mimi huenda Mwea kila mwezi, na Nyambura hajaniambia nisije. Hunikaribisha, hunipikia wali na ndengu, huweka sahani moja mezani. Nikimwambia tule pamoja anasema ameshiba, anarudi jikoni, na ninakula peke yangu.