Bei ya Kwanza

Mwanamke huyu hakuwahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Mtaa mzima ulimwita Mwisho Ngapi, maana wengine wakiingia dukani huuliza habari za asubuhi, yeye huuliza mwisho ngapi. Siku aliyong'olewa jino, shavu limevimba kama puto na koleo la daktari limo mdomoni, bado alikuwa anaonyesha kwa vidole kiasi anachoweza kulipa. Daktari alikubali ili vile vidole vimwondokee usoni.

Msimcheke. Alianza na beseni la sindano na uzi, mlango kwa mlango, na mtu aliyeanza na sindano anajua kwamba faida haipatikani kwenye kuuza, inapatikana kwenye kununua. Ukiuza, mteja ndiye mwenye miguu ya kuondoka. Ukinunua, miguu ni yako. Kwa akili hiyo beseni lilizaa meza, meza ikazaa duka la vifungo, zipu, lastiki na bitana kwenye mtaa wa mafundi cherehani. Nusu ya duka ilikuwa yake, nusu ya wifi yake, dada wa mumewe, kwa sababu mtaji waliuweka sawa kwa sawa.

Wifi alikuwa mtu wa kulipa. Akiambiwa kumi, anatoa kumi na asante juu yake. Kwake, kubishania bei ni kumvunjia mtu heshima.

"We wifi," alikuwa akisema, "utaomba punguzo hata la kaburi."

"Kaburi ndiyo kabisa," Mwisho Ngapi alijibu. "Mle mteja harudi kulalamika, kwa nini nilipe bei ya mlalamikaji?"

Kila baada ya miezi michache Mwisho Ngapi alipanda ndege kwenda mji wa mbali kununua mzigo wa jumla. Hizo ndizo siku alizoishi. Zilizobaki alikuwa anangoja tu, akiwapimia watu lastiki kwa rula na kusikiliza mafundi wakisimuliana magonjwa. Sasa safari moja wifi akasema naye anataka kwenda, eti ajifunze ununuzi. Wakaenda. Madukani wifi alisimama pembeni akijifanya hamjui huyu mwanamke anayetoka mlangoni mara ya tatu huku mwenye duka akimkimbilia. Mzigo ukapatikana, magunia mawili, bei safi, wakaenda uwanjani kurudi nyumbani.

Ndege ikafutwa.

Dada wa shirika la ndege, aliyefunga kitambaa shingoni kwa fundo zuri kabisa, alipanda juu ya kiti akatangaza kwamba ndege nyingine ni keshokutwa. Atakayelala hotelini alale, atakayepanda gari apande, gharama za lazima shirika litarudisha, waje tu na risiti. Abiria wakamzomea. Mwisho Ngapi neno risiti halikumwingia kabisa. Yeye alisikia keshokutwa. Kesho yake fundi wa sare za shule alikuwa anategemea zipu, na fundi huyo akikosa zipu kwao atazifuata kwa jirani, na akishaonja kwa jirani harudi.

"Mimi naondoka na mzigo kwa barabara," akasema.

"Na mimi naenda kuoga," wifi akasema.

Wakagawana pesa ya mzigo iliyobaki kwenye mkoba wa safari. Wifi akaita teksi, akalipa alichoambiwa, akashukia hoteli yenye taulo zilizokunjwa kama bata. Mwisho Ngapi akaburuta magunia hadi barabara kuu, akakuta lori la magodoro.

"Themanini elfu," dereva akasema.

"Godoro moja unalisafirisha kwa ngapi?"

"Godoro? Ishirini na tano. Lakini wewe si godoro, mama."

"Godoro linapakiwa na watu wawili na kushushwa na watu wawili. Mimi napanda mwenyewe na kushuka mwenyewe. Godoro likilowa unalilipa. Mimi nikilowa nitakausha nguo zangu. Sasa niambie, kaka yangu, kwa nini mzigo unaojipakia ulipe zaidi ya mzigo unaokupa kazi?"

Dereva akauliza habari ya magunia.

"Hayo ni mito yangu."

Akalipa ishirini na tano. Akasafiri amelala juu ya magodoro, kamba kiunoni, mdomo umejaa vumbi, na alfajiri fundi akapata zipu zake. Wifi alikuja siku mbili baadaye, ngozi inang'aa, mkobani kuna sabuni ndogo ndogo nane. Siku hiyohiyo akapita ofisi ya shirika na risiti zake: teksi, hoteli, chakula, hata maji. Hazikuwepo kwa ujanja wowote. Ni mtu asiyetupa kitu tu. Wakamrudishia yote.

Jioni akaziweka noti juu ya meza ya duka, akazinyoosha kona moja moja.

"Pesa ya mzigo niliyotumia hii hapa, imerudi. Yako iko wapi, wifi?"

"Zipu zimefika."

"Zipu zimefika, pesa imeliwa na barabara. Mali bila daftari, wifi yangu, malizia mwenyewe."

Mume aliitwa aamue. Alikuwa amekulia na dada yule na kumwoa mwanamke huyu, kwa hiyo hakuwa na mazoea ya kumaliza sentensi. Lakini siku hiyo alimaliza moja. Kila mmoja arudishe alichotoa kwenye mkoba. Atakayeshindwa kufikia Ijumaa, atakaa kaunta, na mkoba wa safari, pamoja na safari zenyewe, utakuwa wa mwenzake; wakirudisha wote, mkoba utabaki kwa aliyeuzoea.

Mwisho Ngapi alihisi rula ya lastiki ikimgusa mkononi.

Asubuhi akaenda ofisi ya shirika. Kwenye kaunta alikuwepo dada yuleyule mwenye kitambaa.

"Risiti, mama?"

"Mimi ndiye risiti. Niulize chochote cha ile safari."

"Mama, tunahitaji karatasi."

Siku zote alikuwa ameamini kwamba risiti inaharibu bei. Muuzaji akijua ataandika, anatia kodi, anatia adabu, anatia na wino. Sasa ilibidi aitafute. Alijua lori lile hushusha magodoro kwenye duka la vitanda karibu na stendi, akalivizia hadi likaja. Dereva alipomwona alifunga kioo.

"Leo siendi popote!" akapaza sauti kutoka ndani.

"Sitaki kusafiri. Nataka risiti."

Kioo kikashuka kidogo. Dereva aliposikia kisa chote kikashuka chote.

"Basi niandike themanini," akasema. "Wao watalipa, tutagawana. Na mimi moyo wangu utapona."

Mwisho Ngapi akafikiria. Kwa ukweli, alifikiria vizuri. Kilichomzuia hakikuwa uchamungu. Karatasi ile ingepita mikononi mwa wifi, na wifi angesoma kwamba Mwisho Ngapi, mwanamke mzima, amelipa themanini alipoambiwa themanini. Angeitia kwenye fremu.

"Andika ishirini na tano. Na uandike kwa mwandiko unaosomeka."

Kitabu cha dereva kilikuwa cha kazi yake, kimepigwa chapa kabisa: *Idadi ya magodoro*, nukta nukta, *Jumla*, nukta nukta. Akajaza kama anavyojaza siku zote. Magodoro: moja. Jumla: ishirini na tano elfu. Akapiga muhuri, akampa, akafunga kioo tena.

Ijumaa mchana dada wa kaunta aliisoma karatasi ile, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Mama, hii ni risiti ya godoro."

"Ni mimi huyo."

"Imeandikwa godoro moja."

"Nilisafiri kwa bei ya godoro. Ungetaka nisafiri kwa bei ya kitanda?"

Watu kwenye foleni wakaanza kusogea kusikia vizuri. Dada akamwita meneja. Akaja mwanamume mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, akaivaa, akasoma, akaivua.

"Mama, kwa umbali ule, kwa pesa hii, hakuna binadamu aliyewahi kusafiri."

"Asante," akasema Mwisho Ngapi, kwa moyo wote.

"Sikusifu. Nasema siamini."

"Namba ya mwenye lori iko hapo chini. Mpigie."

Meneja akapiga na kuweka sauti kubwa, pengine akitaka foleni ishuhudie mtu akiumbuka. Dereva akapokea. Meneja akauliza kama aliwahi kumbeba mama fulani pamoja na magodoro.

"Yupo hapo?" dereva akasema. "Yuko karibu yako? Bwana, usikubaliane naye kitu chochote! Mimi nilimtajia themanini, bei ya haki, bei ya mtu. Akanihesabia mpaka nikajiona mimi ndiye ninayedaiwa samahani na godoro! Njiani akanigongea bodi nisimame, nikadhani ameanguka, kumbe ameona duka la uzi liko wazi. Akanisimamisha, akabishana na yule wa uzi, akarudi kuniuliza nina chenji! Ishirini na tano! Mke wangu hajui mpaka leo. Nimemwambia lori lilikuwa tupu!"

Foleni ilikuwa imeinama kwa kucheka. Dada wa kaunta alijificha nyuma ya kitambaa chake. Meneja akamshukuru dereva, naye bado anaongea, akakata simu.

"Haya. Nimeamini."

"Kama umeamini, tuongee," Mwisho Ngapi akasema, akaegemeza kiwiko kaunta. "Wifi yangu mmemlipa hoteli, teksi, maji, hadi taulo za bata. Mimi nimewatia hasara ya ishirini na tano tu. Angalia tofauti hiyo. Nani ameiokoa? Mimi. Mtu akikuokolea pesa unampa chake. Nipeni nusu ya tofauti."

"Mama, sisi tunarudisha ulichotumia."

"Kwa hiyo ningekuwa mjinga mngenipa zaidi?"

"Ungetumia zaidi, tungekupa zaidi."

"Basi mnalipa ujinga kwa kilo."

Mzee mmoja kwenye foleni akasema hapo mama amesema kweli. Meneja akavaa miwani tena, akamwomba dada aangalie kwenye kompyuta kama kweli mama huyu hakupanda ile ndege ya keshokutwa, wasije wakalipa mara mbili. Dada akabofya, akasoma, akamnong'oneza meneja. Uso wa meneja ukabadilika kama wa mwenye duka aliyegundua kwamba mteja ameona bei halisi kwenye kibandiko.

"Kiti chako kilirudi kitupu," akasema taratibu. "Nauli ya kurudi hukuitumia. Kwa hiyo ni yako, yote. Pamoja na hii ishirini na tano. Jumla ni laki tatu na kumi."

Laki tatu na kumi. Wifi alikuwa amerudisha alichotumia, basi, akatoka sawasawa. Huyu hapa angerudisha pesa ya mzigo na juu yake nauli nzima. Mkoba ulikuwa wake. Kilichobaki ni kusema ndiyo.

"Ongeza kidogo," akasema.

Haikuwa tamaa. Ulimi ulikwenda wenyewe, kama goti linavyoruka likigongwa.

"Haiongezeki, mama. Ni kiwango."

"Kila kiwango kina mwisho wake. Mwisho ngapi?"

"Huo ndio mwanzo na ndio mwisho."

Mwisho Ngapi akafanya alilofanya maisha yake yote: akageuka, akaenda mlangoni. Alitembea polepole, sikio nyuma. Hakuna aliyemwita. Akagusa kitasa. Nyuma yake akasikia tu dada akisema, "Anayefuata."

Jamani, hii ilikuwa mara ya kwanza. Alisimama pale mlangoni, ameshika kitasa cha watu, na saa ya ukutani inakaribia saa ya kufunga. Nje kulikuwa na miguu yake, ndani kulikuwa na mkoba wake. Wifi alikuwa dukani wakati huo, na hapana shaka alikuwa ameshaipangusa rula.

Akarudi. Mzee wa foleni akampisha bila kuambiwa.

"Sawa," akasema. Neno lilitoka kwa tabu kuliko lile jino.

"Samahani, mama?"

"Nimesema sawa! Mnataka nikae niimbe?"

Dada akamsogezea karatasi ya kusaini na kalamu nzuri ya buluu yenye jina la shirika. Mwisho Ngapi akasaini, akahesabu noti mara mbili, akazitia kifuani. Kalamu akabaki nayo mkononi.

"Na hii nitaondoka nayo."

Meneja akaangalia kalamu, akaangalia foleni, akaangalia saa.

"Chukua, mama. Chukua."

Jioni mume alishuhudia. Wifi alihesabu kwa kidole kilicholowa mate, akarudia, akausukuma mkoba wa safari upande wa pili wa meza bila kelele. Ni mtu wa kulipa, na deni hilo nalo alilipa bila kubisha. Mwisho Ngapi akaufungua mkoba, akaufunga, akauweka mapajani.

"Hongera, wifi," wifi akasema. "Nimekubali. Swali moja tu. Hii laki tatu na kumi, walianza kukutajia ngapi?"

Mwisho Ngapi akainama kuokota kifungo ambacho hakikuwa kimeanguka.

"We wifi! Walianza ngapi?"

"Walinipa na kalamu."

"Ulipokea bei ya kwanza!" Wifi alipiga makofi, akamgeukia kaka yake. "Umesikia? Bei ya kwanza! Mwenye jina lake! Leo nitalala nikicheka!"

Mume alianza kusema kwamba jambo la muhimu ni, akaishia hapo.

Mwisho Ngapi akachukua karatasi aandike orodha ya mzigo wa safari ijayo. Akaandika *zipu*, kalamu ikakwaruza. Akaitikisa, akaipulizia, akaisugua kwenye kisigino cha kiatu. Haikutoa kitu. Akaiangalia kwa muda, na taratibu uso wake ukapata nuru.

Asubuhi dada wa kaunta alipofika kufungua ofisi, alimkuta ameshasimama mlangoni, amejifunga vizuri, mkoba begani.

"Mama! Kuna tatizo gani tena?"

"Hakuna tatizo, binti yangu. Fungua tu, uweke kitambaa chako vizuri." Akainua kalamu ya buluu. "Kitu mlichoniongezea ni kibovu. Kwa hiyo yale mapatano yetu ya jana bado hayajaisha. Meneja anaingia saa ngapi?"