Aliyesimama Nje ya Lango

Binti yangu alipozaliwa, kwetu Kendu Bay, alilia kama mtu aliyedhulumiwa. Hospitalini walimpima wakasema hana ugonjwa. Titi alilikataa, akakonda, mke wangu naye akawa analia pamoja naye. Mama yangu akafanya kama walivyofanya mama zake: akampakata mtoto, akaanza kumwitia majina ya marehemu wetu, moja baada ya jingine, maana kwetu jina la anayemtaka mtoto likitajwa, mtoto hunyamaza. Mimi, Msabato wa kuzaliwa, niliguna tu. Majina yakaisha, mtoto bado analia.

Ndipo Mama akatuambia ndoto yake. Msichana mwenye mtungi kichwani husimama nje ya lango letu. Hapigi hodi wala haingii.

"Huyo simjui," akasema. "Nenda kwa waya yako."

Waya ni shangazi, dada ya baba. Wangu aliolewa Migori, si mbali na Osiri, ambako ukoo wetu ulikaa kabla ya kuhamia ziwani. Nilikwenda nimenuna, lakini nilikwenda. Mtoto akikonda mbele ya macho yako, ubishi huisha wenyewe.

Waya alinisikiliza huku akipepeta mtama. Nilipotaja mtungi, ungo ukasimama.

"Mama yako amemuona na mtungi?"

"Ndiyo, waya."

"Basi ni yeye, wuoda, mwanangu. Hawa watu wa dhahabu wamechimba mpaka pale alilala."

Alikuwa dada wa babu ya babu yangu, msichana wa enzi ambazo Mzungu alikuwa bado fununu tu. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuingia zizini. Akaenda mtoni kuteka maji, akarudi na homa, akafa kabla ya kupelekwa kwa mume. Msichana asiyeolewa kwetu hazikwi ndani ya boma, kwa hiyo wakamzika nje ya ua. Ukoo ulipohama, wakamwacha hapo. Hakuna mtoto aliyepewa jina lake, kwa kuogopa kwamba atakayelibeba naye atakufa bila mume wala mtoto.

"Niambie jina, waya."

"Nikikuambia, utampa mtoto?"

Nilimwambia sijui. Hata hivyo alininong'oneza sikioni, ingawa tulikuwa peke yetu.

Kisha akanipeleka kwenye boma lile la kale. Minyaa ya ua ingali imesimama upande mmoja. Upande wa pili ni mashimo matupu.

"Mzee, chunga mguu! Hiyo shimo ni refu," mchimbaji mmoja akanionya.

Nilichungulia. Ubaridi ukanipiga usoni, na chini kabisa nikasikia maji yakidondoka. Nasema kweli, nilitaka kukimbia.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na jina lile mdomoni. Nikimwitia mwanangu, huenda nikampa na kifo cha msichana yule. Nisipomwitia, atalia mpaka lini? Nilifika jua likielekea kuzama, na kilio nilikisikia tangu barabarani. Nikasimama langoni, nikaipa nyumba mgongo, nikalitamka jina kwa mwenye jina, ambaye sikumwona.

"Ingia, bibi," nikasema. "Hapa ni kwenu."

Ndani kukawa kimya. Nilidhani mtoto amekufa. Nilikimbia mpaka chumbani, nikamkuta ananyonya, na mke wangu ameduwaa.

Tulimpa jina la mama mkwe wangu, na lile aliloninong'oneza Waya sijamwambia mtu. Sasa mtoto anatembea. Kila tukifika langoni hujibanza kwenye ua, kama mtu anayempisha aliyebeba maji, husubiri kidogo, kisha huingia. Mke wangu hucheka. Mimi huinama nikatazama chini, nione kama pamelowa.