Sufuria ya Mama Chebet na Maegesho ya Bladensburg

Siku ya arobaini ya mama tulikuwepo mimi, wadogo zangu watatu Daudi, Neema na Baraka, Mama Chebet aliyefanya kazi ya kutunza wazee pamoja na mama, mlinzi wa maegesho tuliyekuja kumjua kwa jina la Mzee Kasongo, meneja wa duka ambaye jina lake sikuliuliza na sina haja nalo, na watu kumi na wawili wa kanisani ambao sikuwaalika. Nawataja wote kwa sababu siku hizi kila mtu katika familia yetu anaisimulia siku ile anavyotaka. Na anayeisimulia kwa kujiamini kuliko wote ni Baraka, ambaye alikuwa na miaka sita na alilala nusu ya shughuli.

Enzi zetu, kulala ndani ya gari halikuwa jambo la kupigia picha. Baba alikuwa amefariki zamani, kodi ya nyumba ilipanda mara tatu mfululizo, na mama akanunua nyumba ya magurudumu, kuukuu, kwa mzee mmoja wa Virginia aliyechoka kusafiri. Tuliiita Ng'ombe, kwa sababu kila ilipowashwa ililia kama ng'ombe na muda wote ilikuwa na njaa ya mafuta. Ndani mlikuwa na jiko la gesi la mafiga mawili, meza iliyogeuka kitanda, choo kilichotosha mtu asiyepumua sana, na sisi watano.

Ninyi wenzangu mliolelewa huku ughaibuni na wazazi wa shifti mbili mtanielewa nikisema kwamba tulikuwa na sheria nyingi kuliko shule. Maegesho ya duka la Bladensburg tulilala siku mbili, hatukuthubutu ya tatu. Bowie usiku mmoja tu, maana kule watu wana nyumba nzuri na macho makali. Mwisho wa wiki tulikwenda Sterling, karibu na uwanja wa ndege, ambako kelele za injini zilimeza kelele zetu. Unaegesha pembeni kabisa, mbali na mlango wa duka. Viti havitoki nje. Pazia halifunguliwi upande wa taa. Na asubuhi kabla ya kuondoka lazima uingie dukani ununue kitu, hata kama ni chumvi, kwa sababu mama alisema huwezi kulala kwa mtu ukaondoka kama mwizi. Tulikuwa na chumvi ya kutosha kijiji kizima.

Dagaa zilipigwa marufuku. Mama alizikaanga mara moja tu, jioni ya baridi, akiamini madirisha yamefungwa vizuri. Haikupita robo saa tukaona wafanyakazi wawili wa duka wanazunguka na tochi wakitafuta mfereji wa maji taka uliopasuka. Mama alizima jiko, tukakaa gizani na sahani mapajani, tukila kimya kimya huku tukibanwa na kicheko.

Kitu ambacho sitakisahau ni kikombe. Maegesho yote ya huku yamejengwa kwa mteremko ili maji ya mvua yapate pa kwenda, na ukilala kichwa kikiwa chini unaamka na macho mekundu. Wengine wana vifaa vya kupimia. Mama alikuwa na kikombe cha chai. Alikijaza mpaka ukingoni, akakiweka katikati ya meza, Daudi akapanga vipande vya mbao mbele ya tairi, mama akaisogeza Ng'ombe juu ya mbao inchi kwa inchi, nami nikitaja chai imeelekea upande gani. Chai ilipotulia, mama alizima injini na kusema, "Haya, tumefika nyumbani." Mwenye zamu ndiye aliyeinywa.

Tulicheza kombolela kati ya matoroli ya duka. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi, tukitumia mistari myeupe ya maegesho kama mipaka, na hakuna aliyewahi kubishana kuhusu mstari, maana ulichorwa na serikali. Alfajiri gari la kufagia lilipita likinguruma, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuamka. Tulipiga mswaki kwenye choo cha duka, na aliyeacha tone la dawa kwenye sinki alirudishwa kufuta. Kisha wadogo zangu walitembea hadi kwenye jengo la Mama Chebet kusubiri basi la shule, kwa kuwa anwani yake ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu zao. Zaidi yake hakuna aliyejua tunalala wapi. Kanisani walidhani tumepanga.

Mimi shule niliiacha mapema. Nilikuwa najua hesabu, lakini mama alianza kuumwa, na kati ya vitabu na mshahara wa kuogesha wazee kilichohitajika nyumbani kilijulikana. Mama aliniita Dada tangu nikiwa mtoto, ili wadogo wajifunze kuniita hivyo. Siku za mwisho, hospitalini, aliniita hivyo tena. "Dada," alisema, "wasigawanywe." Hakutaja kitu kingine. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaenda kuiwasha Ng'ombe, na kutoka hapo hofu yangu ilikuwa moja tu: kwamba mtu atagonga kioo, aone watoto watatu wasio na wazazi wanalala kwenye gari, apige simu, na kila mmoja apelekwe nyumba yake.

Kosa lililofuata lilikuwa langu. Arobaini ilipokaribia nilitaka tumkumbuke mama kwa sala fupi na sahani ya pilau, sisi wanne, ndani, pazia likiwa limefungwa. Nikampigia Mama Chebet kuazima sufuria ya watu wanne. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia. Hapo ndipo nilipoharibu. Nimezaliwa Morogoro na kukulia kwa watu wetu, nilipaswa kujua kwamba huwezi kumtajia mtu mmoja arobaini ukategemea aje mtu mmoja.

"Sisi kwetu hatuna hiyo arobaini yenu," alisema Mama Chebet, ambaye kwao ni Kericho, "lakini sufuria ya watu wanne ni ya kuchemshia mayai. Si ya msiba."

Jumamosi mchana, Bladensburg, nikaona magari manne yanaingia kwa msafara na kuja moja kwa moja hadi pembeni kwetu. Wakashuka na viti vya kukunja. Wakashuka na mkeka, na jiko la gesi la kupikia nje, na mchele gunia zima, na sufuria ambayo Baraka angeweza kuogea. Kina mama walivaa khanga kiunoni, wakaanza kukata vitunguu juu ya boneti ya gari. Wakatandika mkeka kwenye mistari mitatu ya maegesho. Kila sheria ya mama ilivunjwa ndani ya dakika kumi, kwa ajili ya mama. Niliwaomba waingie ndani. Wakanitazama, wakaitazama Ng'ombe, wakaniambia pole kwa sauti ya watu walioelewa kila kitu kwa mara moja, kisha wakaendelea kukata vitunguu. Harufu ya bizari ilifika mlango wa duka kabla ya wimbo wa kwanza kwisha.

Meneja alitoka na redio ya mkononi, na nyuma yake mlinzi. Mlinzi huyo tulikuwa tumemkwepa kwa miezi mitano. Alipopita, tuliinama chini ya madirisha kama watu wanaopigwa mabomu. Sasa alisimama, akasikiliza wimbo, akavua kofia.

"Pole, maman," aliniambia, kwa Kiswahili cha Kongo. "Mimi naonaka nyinyi tangu miezi tano. Ule mtoto wa kidogo anawekaka pua ku dirisha kila asubui. Mulifikiri naangaliaka nini hapa?"

Miezi mitano ya kuinama. Daudi anasema ndipo mgongo wake ulipoharibika, na simkatalii.

Mzee Kasongo alimweleza bosi wake kwamba hawa ni watu wa msiba, waachwe wale. Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye karatasi. Alitaka gari liondoke na lisirudi. Kisha akamwona Neema anatoka mlangoni na begi la shule, akaniuliza watoto hawa wanalala wapi. Alisema ni wajibu wake kuripoti, kuna watu watakaokuja kuangalia. Nikamvuta Neema nyuma yangu.

Mama Chebet alikuja na mwiko mkononi, akasimama kati yangu na meneja.

"Wanakaa kwangu," alimwambia. "Andika." Akamtajia namba ya jengo na namba ya mlango, taratibu, akisubiri kila namba iandikwe.

Tulipewa saa moja. Watu walikula wima, wakakunja viti, wakakunja mkeka, na Mzee Kasongo akafungiwa sahani yake. Sufuria ilikuwa bado nusu na ya moto. Nilitaka kuihamisha pilau ili Mama Chebet aondoke na sufuria yake, akanizuia.

"Beba hivyo ilivyo," alisema. "Na usiniletee hapa kwa parking. Utanirudishia siku utakuwa na jiko lako, na isikuje tupu. Mkuje wote wanne."

Nikaiendesha Ng'ombe hadi Sterling, Daudi na Neema wameikumbatia sufuria sakafuni isimwagike kwenye kona. Tukala pilau siku tatu, ndege zikipita juu. Siku ya nne wadogo zangu walihamia kwa Mama Chebet, nami nikabaki na gari. Mama mmoja wa ofisi ya ustawi wa watoto alipofika na faili lake alikuta magodoro manne sakafuni, langu likiwemo, na miswaki minne kwenye glasi. Mama Chebet alikuwa ameinunua asubuhi ile na kuilowesha yote maji, ionekane imetumika. Mkataba wake wa nyumba uliruhusu mtu mmoja. Mwenye nyumba angejua, Mama Chebet ndiye angelala kwenye gari. Kwa miezi minane, mpaka nilipopata vyumba viwili vya kupanga vyenye jiko la kushirikiana, aliwapitisha watoto kwenye ngazi bila viatu, na hakuna aliyegawanywa.

Sasa niwaeleze kinachonichosha. Nina nyumba Bowie, ndogo, ya kupanga, na jiko lake lina mafiga manne. Nina nyumba hii mwaka wa nne. Sufuria iko juu ya friji. Kila mwaka nimesema mwaka huu tutaijaza tuipeleke, na kila mwaka mmoja wetu ana shughuli. Daudi analinda majumba ya kompyuta kule Sterling, na kompyuta, inavyoonekana, haziwezi kuachwa peke yake hata Jumamosi moja. Neema ni muuguzi na ratiba yake inabadilika kabla hajamaliza kunitumia. Na Baraka, Bwana Baraka, amenunua gari la kulala. Kwa mkopo. Lina taa za rangi na ukuta wa mbao. Anajirekodi akinywa kahawa mlangoni, anawaambia watu wasiomjua kwamba alikulia kwenye uhuru wa barabara. Nimemaliza ujana wangu kumtoa kwenye gari, naye amelipa kurudi. Akija kunitembelea analiegesha uwanjani kwangu, anavuta umeme kwa waya kutoka dirishani kwangu, na asubuhi anagonga kuuliza kama anaweza kuoga. Nikimuuliza jambo kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Juzi gari lake lilikuwa limeinama, akatoa simu ipime mteremko. Nikamletea kikombe cha chai. Akainywa.

Wiki tatu zilizopita Mama Chebet alinipigia. Anarudi Kericho moja kwa moja, magoti yamekataa baridi. Hakulalamika. Alisema ameanza kufunga mizigo, na katika sanduku kubwa ameacha nafasi ya duara.

"Ile sufuria yangu bado iko?" aliuliza.

Nikamwambia iko.

"Basi sitafunga hilo sanduku."

Niliandika kwenye kundi letu la simu usiku uleule. Daudi akajibu kwamba atacheki. Neema akaweka picha ya moyo. Baraka akauliza kama inaweza kuwa kwa video, yuko njiani kuelekea milimani. Jumamosi ya kwanza ikapita. Ya pili nikasema nitapika peke yangu niipeleke, nikampigia Mama Chebet kumwambia, akanijibu kwa upole kwamba chakula cha mtu mmoja hakuomba.

Zamani tulikuwa watu watano kwenye chumba ambacho mmoja akigeuka usingizini wote walilazimika kugeuka. Tuligombania mto, tuligombania dirisha, tuligombania chai ya kikombe. Nilikuwa nikimwomba Mungu atupe nafasi. Ametupa. Kila mmoja ana mlango wake na ufunguo wake, na katika nafasi yote hiyo haijapatikana Jumamosi ambayo tunaweza kukaa wanne. Hakuna ofisi iliyotugawanya. Tumejigawanya wenyewe, tukiwa na anwani halali.

Kesho ni Jumamosi ya tatu. Jumatano Mama Chebet anapanda ndege. Nimeshusha sufuria, nimeisugua mpaka inang'aa, nimeiweka juu ya meza. Vitunguu viko tayari, bizari iko tayari, chumvi bado ninayo. Nimechukua kikombe cha kupimia na nimesimama mbele ya gunia la mchele tangu jioni, sijaloweka hata punje, kwa sababu sijui nipime wa watu wangapi.