Nani Atapanda? Breki Laini na Mteremko wa Kona Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika yadi ya magari mjini Kajiado, niliulizwa swali nililolikosa mbele ya watu. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimetoka Mashuuru na viatu vya kuazima vikubwa kiasi kwamba nikigeuka vyenyewe vilibaki vikitazama mbele. Foreman, mzee wa Kimaasai mwenye sauti ya kuamsha punda wa wilaya nzima, alinikagua juu hadi chini, akanisalimu kijana kwa Kimaasai.

"Sopa, ero! Unaweza kutengeneza breki?"

"Naweza kujifunza, mzee."

"Na ukimaliza, nani atapanda hiyo gari?"

Nikasema, mwenyewe aliyeileta. Yadi nzima ilicheka mpaka nikatamani kurudi kwa ng'ombe wa baba. Kumbe Foreman alikuwa na sheria yake: anayesema breki ziko sawa ndiye anayeketi kando ya dereva kwenye mteremko wa kwanza, hata kama ni lori la kubeba mbuzi. "Ukijua utapanda," alisema, "mkono wako hautakuwa na haraka."

Nilikaa hapo miaka mingi, mchana nikiwa chini ya magari na jioni nikiwa shule ya usiku na grisi kwenye kalamu. Mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba maji hayabaniki, wala mafuta, lakini hewa hubanika. Vijana, breki yote iko hapo. Ukikanyaga pedali, pampu iitwayo masta silinda husukuma mafuta kwenye vibomba hadi magurudumuni. Hewa ikijificha humo, mguu wako unabana hewa badala ya kusimamisha gari, na pedali inazama.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, Foreman alipata kazi katika gereji ya mtu binafsi Kitengela, akanivuta. Huko tulikuwa na Meneja, mwanamume wa tai aliyekuwa na haraka kuliko ambulensi.

Ijumaa moja akaja Mama Nekesa, mwalimu kutoka Kakamega aliyepanga nyumba nyuma ya gereji, na stesheni wagoni yao ya zamani. Mumewe alikuwa amehamishiwa kazi Magadi. Shule zilikuwa zimefungwa, na watoto hawakuwa wamemwona baba yao muhula mzima. Kesho yake alitaka kuwateremsha huko, kupitia Kiserian na Kona Baridi. Mnaoijua njia hiyo mnajua kwamba ukishapita Kona Baridi, ardhi inakuachilia.

"Fundi, tangu wabadilishe vitu vya mbele huko Kiserian, pedali imekuwa laini," alisema. "Nakanyaga, inaenda, inaenda, kama inanipigia kwaheri."

Nilikanyaga. Uji wa mgonjwa ulikuwa mgumu kuliko ile pedali. Nikapampu mara tatu, ikapanda. Nikangoja kidogo, ikarudi vilevile. Kutoka hapo sikukaa tena kitako siku hiyo.

Nilianza na yaliyo rahisi. Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa kwenye kikopo chake. Hakuna gurudumu lililovuja. Nyuma nilikaza viatu vya breki, maana vikiwa mbali na ngoma, ile duara ya chuma vinayoisukuma kwa ndani, pedali husafiri mbali pia. Wapi! Nikablidi, yaani nikatoa hewa: mwenzangu anakanyaga, mimi nafungua nipo, ile skrubu yenye tundu, mafuta yanatoka na mapovu, nafunga kabla hajaachilia mguu. Nilizunguka magurudumu yote mpaka mafuta yakatoka safi kama machozi ya bibi harusi. Pedali ikazama kana kwamba sikuwa nimefanya kitu.

Nililala vibaya, nikigeuka sana mpaka mke wangu akachukua blanketi akahamia kwa watoto.

Asubuhi Mama Nekesa alifika na watoto, mabegi na kuku aliyefungwa miguu. Watoto wakaingia kwenye gari kabla hata sijasalimia. Meneja akatokea, tai imekaa kando.

"Bado? Weka masta silinda mpya."

"Bosi, masta silinda ikiharibika, ukishikilia pedali inashuka polepole. Hii ukiishikilia inakaa. Inadunda tu."

"Basi Mama akanyage mara mbili. Hata mimi yangu nakanyaga mara mbili na niko hai. Gari iko tayari!"

Mama Nekesa alinitazama, halafu akatazama kiti cha nyuma. Hapo Foreman akachomoka chini ya lori.

"Sawa, Bosi. Nani atapanda?"

"Atapanda nini?"

"Wewe ndiye umesema iko tayari. Kaa hapo kando ya Mama mpaka Magadi."

Meneja akatazama watoto, akatazama kuku, akakumbuka kwamba anangojewa kanisani.

"Jumamosi?" Foreman akamwita nyuma. "Umekuwa Msabato lini?"

Watoto walishuka. Nikachukua koleo ya kubania, nikabana paipu za raba za mbele, zile zinazopeleka mafuta gurudumuni. Pedali ikawa mwamba. Nikaachilia, ikawa uji. Basi ugonjwa uko mbele! Nikatoa magurudumu, nikatazama kalipa, kile chuma kinachobana diski ya gurudumu. Nipo yake ilikuwa upande wa chini. Nikakimbilia upande wa pili: chini pia.

Hewa hupanda juu, kwa hivyo nipo lazima ikae juu. Yule fundi wa Kiserian alikuwa ameweka kalipa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, na bolti zikakubali bila kulalamika. Mimi nilikuwa nafukuza hewa kwa mlango wa chini, nayo imekaa darini inanicheka.

Nikazibadilisha, nikablidi upya. Nipo ilikohoa kama mzee wa tumbaku. Halafu pedali ikasimama juu, ngumu.

"Nani atapanda?" Foreman akauliza.

"Mimi."

Niliketi kando ya Mama Nekesa, kuku miguuni. Tulipopita Kona Baridi na bonde likafunguka chini yetu, nilikagua kichwani kila bolti niliyokaza, na kila moja niliona kama inafunguka. Kwenye kona ya kwanza Mama akakanyaga. Gari likatulia.

"Inashika?"

"Inashika, fundi. Lakini wewe unakanyaga nini huko?"

Nikatazama chini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekunja zulia lote.

Magadi, baba yao alikuwa amesimama juani. Milango ya nyuma ilifunguka kabla gari halijazimwa.

Sasa nimestaafu. Vijana wa gereji huja kuniuliza chombo gani cha kazi kilinisaidia zaidi, nami huwaambia ni kile kiti cha kando ya dereva. Hawaniamini, wanataka jina la spana. Lakini lori likiteremka hapa nyumbani kwangu kuelekea mtoni, hata kama niko sebuleni na chai mkononi, mguu wangu wa kulia hukanyaga sakafu, na mke wangu husema, "Baba Soila, achilia. Hiki kiti hakiendi popote."