Siku Mguu Uliporuka

Mama wa mgonjwa alinipokea uani, mkononi ana kikombe cha samli ya kuchulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mikono yenyewe ndiyo hii?" Akaishika, akaigeuza juu chini kama anayechagua viazi sokoni, kisha akanikaribisha ndani.

Hapo ni kijijini Kaniha. Mwanawe alikuwa ameanguka kutoka juu ya magunia ya mahindi, kwenye lori lililotoka Runazi. Hospitali walisema uti wa mgongo umekatika, wakamlaza kwa muda, wakamruhusu arudi nyumbani. Alikuwa mkulima, na mabega yake yalikuwa ya mtu aliyesukuma plau ya ng'ombe tangu udogoni. Kuanzia kitovuni kushuka chini hakuhisi kitu.

Mimi nilikuwa na chumba cha masaji Lusahunga, kando ya barabara ya Rusumo. Wateja wangu walikuwa madereva wa malori, watu wa viuno vilivyokakamaa kwa kukaa. Wengi wao, mgongo ukishachuliwa, walikuwa wakiniuliza kama kuna huduma nyingine. Kwa hiyo mke wa mgonjwa aliponifuata kwa bodaboda, nilishukuru kuitwa kwa kazi niliyoisomea Mwanza.

Sikuwaficha. Niliwaambia wote watatu pamoja: "Miguu hairudi. Ninachoweza ni kuichua isikakamae, na kuwafundisha kumgeuza ili mgongo usitoke vidonda."

Mama mtu akatikisa kichwa. Mgonjwa akaangalia bati. Mkewe akasema, "Sawa dada. Wewe anza, Mungu atamalizia."

Nikawa nakwenda. Nilichua nyayo, nikakunja magoti na kuyanyoosha, nikapanda mapajani. Kila nilipokwenda nilikuta nyama imepungua, mfupa uko karibu zaidi na kiganja changu. Yeye alikuwa akifumba macho, akiniuliza.

"Sasa hivi uko wapi?"

"Kwenye goti."

"La kulia?"

"La kushoto."

Anasikilizia. Kisha anasema, "Endelea."

Mwisho nilimchua mabega, kwa kuwa hapo alikuwa anahisi. Kuna siku alilia hapo, bila sauti, nami nikaendelea kuchua kana kwamba sijaona.

Siku moja nilikuwa nimeushika mguu wa kushoto, naukunja, mara ukaruka. Uliruka kwa nguvu, ukanipiga kifuani. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, akapiga kigelegele. Majirani wakaja mbio. Mama mtu akapiga magoti sakafuni. Kabla sijapata nafasi ya kusema, kuku alishakamatwa, na wanakwaya wa kanisani kwao walikuwa wanaimba uani.

Nilisubiri kelele zitulie. "Huo ni mshtuko wa misuli," nilisema. "Mguu unajirusha wenyewe. Si yeye aliyeuamuru."

"Kwa nini unamfungia njia?" mkewe akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa.

"Mimi niliuhisi," akasema mgonjwa.

"Uliuhisi kaka, au uliuona?"

Aliutazama mguu. "Niliuona," alisema. Lakini nje walikuwa bado wanaimba, na nadhani hakuna mwingine aliyemsikia.

Wakati wa kuondoka mkewe alinisindikiza hadi njiani. "Asante kwa kazi yako dada. Tutakuita."

Hawakuniita. Nilisikia kwamba ndugu zao wa Shinyanga walimleta mganga aliyesema mguu umeamka, sasa mtu afundishwe kusimama. Walichimbia nguzo mbili uani, wakawa wanamfunga hapo kila asubuhi, mgongo umeegemezwa ubao.

Waliponiita tena, harufu niliipata nikiwa bado mlangoni. Makalioni ngozi ilikuwa imekwisha, na chini ya uti wa mgongo palikuwa na shimo. Yeye hakujua pakoje, kwa kuwa hakuhisi. Alikuwa na homa, midomo imepasuka.

"Hapa hapachuliwi," nilimwambia mkewe. "Apelekwe hospitali leo hii."

"Nilikusikia siku ile ya kwanza," akasema. "Uliposema hairudi. Nilikusikia vizuri kabisa." Akaenda kutafuta usafiri.

Walimpeleka. Walirudi naye amekwisha kufa, wakati watu wako kwenye palizi. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanawake, nikamenya mihogo. Mama mtu aliponiona aliishika tena mikono yangu, safari hii bila kuitazama, akakaa nayo mapajani mwake mpaka alipoitwa kaburini.

Habari za mguu zilisambaa kuliko habari za kifo. Sokoni Lusahunga najulikana kuwa ndimi niliyefanya mguu wa mtu aliyepooza uruke, na wanakuja: kutoka Biharamulo, kutoka Ngara, wengine wamebebwa mgongoni. Juzi alikuja mama mmoja na binti yake ambaye hajawahi kutembea tangu azaliwe. Nilimweleza mama kwa Kiswahili kwamba mikono yangu haitamtembeza, nikaona haniangalii, nikadhani hajanielewa, nikarudia kwa Kirundi, polepole, neno kwa neno. Alikuwa ameinama, anamvua mtoto soksi.